Mrija wa kupumulia usiamuliwe na mpaka

Mgonjwa aliyepasuliwa ubongo mara nyingi hutoka chumba cha upasuaji akiwa na bendeji kichwani na mrija mdomoni. Mrija huo umepita kooni hadi kwenye njia kuu ya hewa, na upande wa pili umeunganishwa na mashine inayompumulia. Swali linalofuata ni fupi, lakini uhai wake unalitegemea: mrija utolewe lini?

Ukitolewa mapema, mgonjwa anaweza kushindwa kulinda koo lake, mate yakaingia mapafuni, hewa ikapungua na ubongo uliotoka kukarabatiwa ukaumia upya. Ukicheleweshwa, vijidudu hupanda kupitia mrija huohuo, nimonia ikaingia, na siku za kulazwa zikaongezeka. Wanaopaswa kupima hatari hizo mbili ni daktari wa upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi na muuguzi aliyesimama kitandani.

Kwa familia za Busia na Tororo, yupo mwingine anayeingia katika uamuzi huo bila kuitwa, naye ni mpaka. Kitanda kiko nchi gani, gari la wagonjwa litavuka saa ngapi, bili italipwa na nani, nani ataelewa lugha ya mgonjwa akizinduka: mambo haya hayana uhusiano wowote na hali ya ubongo, lakini yana nguvu ya kuharakisha au kuchelewesha kuondolewa kwa mrija. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wajibu wa kuyatoa katika uamuzi huo, na inaweza kuanza bila kusubiri hospitali mpya.

Kwa nini Busia na Tororo

Neno bodaboda lina asili yake hapa. Katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli wa Busia waliwavusha abiria na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda". Leo pikipiki zimeshika nafasi ya baiskeli, malori ya mizigo kutoka Mombasa yanapita Busia na Malaba usiku na mchana, na ajali za barabarani ni jambo ambalo kila familia ya eneo hili inalifahamu. Mwendesha pikipiki asiye na kofia ngumu akianguka, mara nyingi kinachogonga lami ni kichwa. Damu ikivia ndani ya fuvu, kinachoweza kumwokoa ni upasuaji wa haraka.

Upasuaji huo kwa kawaida haufanyiki karibu na nyumbani. Anayetoka Tororo atapelekwa Mbale au Mulago, Kampala, zaidi ya kilomita 200. Anayetoka Busia ya Kenya atapelekwa Kisumu, takriban kilomita 110, au katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret. Ukitazama ramani bila kuutazama mpaka, mgonjwa wa Busia ya Uganda yuko karibu zaidi na Kisumu kuliko Kampala, na mtoto wa Malaba ya Kenya mwenye kichwa maji yuko karibu sana na Mbale, ambayo haifiki kilomita 50 kutoka Tororo.

Mbale si jina la kupita tu. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko huko imefundisha dunia namna ya kutibu kichwa maji. Daktari Benjamin Warf, aliyefika Uganda mwaka 2000, aliendeleza hapo njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kutumia kamera ndogo na kuunguza tishu zinazotengeneza maji, badala ya kutegemea mpira wa kudumu wa kuyapitisha, ambao ukiziba kijijini mtoto hufa kabla ya kufikishwa hospitali. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100, ukilinganisha njia hizo mbili. Watoto huletwa huko pia kutoka nchi jirani. Kwa hiyo hoja kwamba upasuaji wa ubongo ni mambo ya Ulaya na India haina mashiko katika ukanda huu. Ujuzi upo, umbali wa safari moja ya matatu.

Kinachopungua ni yale yanayofuata baada ya kisu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 55 vya wagonjwa mahututi vinavyofanya kazi katika Uganda nzima. Mwaka huohuo watafiti wa Kenya walihesabu vitanda 537 na mashine 256 za kupumulia, tena zaidi ya nusu ya kaunti 47 hazikuwa na hata chumba kimoja cha wagonjwa mahututi. Janga la UVIKO-19 liliongeza vifaa pande zote mbili, lakini halikuondoa uhaba. Penye uhaba kama huo, kila mgonjwa aliye kwenye mashine anatazamwa na mwingine anayeingoja. Hapo ndipo mrija unapoanza kuamuliwa na foleni.

Kinachopimwa kabla ya mrija kutoka

Ili kuelewa madhara ya foleni hiyo, ni vyema kuelewa uamuzi wenyewe ulivyo mgumu hata mahali penye kila kitu.

Kwa mgonjwa wa kawaida, madaktari hupunguza msaada wa mashine kwa muda wa dakika 30 hadi saa mbili na kumwangalia. Akipumua kwa utulivu, hewa ya oksijeni ikabaki nzuri na moyo usipodunda kwa kasi, mrija hutolewa. Kwa aliyepasuliwa ubongo kipimo hicho hakitoshi. Mapafu yanaweza kuwa mazima huku mlinzi wa koo akiwa amelala. Mgonjwa anapumua vizuri kwa sababu mrija unamshikia njia. Ukitoka, ulimi unarudi nyuma, makohozi yanajaa, na hana nguvu ya kukohoa.

Kuna hatari nyingine iliyofichika. Mtu anayepumua kidogo kuliko inavyotakiwa hubaki na kaboni dayoksidi nyingi katika damu. Gesi hiyo hutanua mishipa ya ubongo, na kwa kuwa fuvu halitanuki, shinikizo ndani yake hupanda. Kwa upande mwingine, mgonjwa anayeamka na kupambana na mrija kwa kukohoa mfululizo hupandisha shinikizo la damu, na kidonda kipya ndani ya kichwa kinaweza kuvuja. Ndiyo sababu wataalamu hutaka mgonjwa aamke kwa utulivu, si kwa kushtuliwa.

Mahali palipopasuliwa napo pana uzito wake. Uvimbe ulioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo ni jambo moja. Uvimbe uliokuwa nyuma, karibu na shina la ubongo, ni jambo lingine. Hapo hupita mishipa ya fahamu inayoendesha kumeza na kukohoa, na watoto hupata uvimbe wa eneo hilo mara kwa mara. Mtoto anaweza kufungua macho na kumtambua mama yake, lakini koo lake likawa bado halijarudi kazini.

Ipo pia sababu nzuri ya kutoa mrija mapema pale inapowezekana. Mgonjwa aliye macho na anayezungumza ni kipimo bora kuliko mashine nyingi. Damu ikianza kuvia upya ndani ya kichwa, dalili ya kwanza inaweza kuwa usingizi usio wa kawaida au mkono uliolegea. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kuonyesha dalili hizo mapema, na mahali pasipo na mashine ya CT inayofanya kazi usiku, dalili za mwili ndizo tegemeo.

Hata watafiti hawajakubaliana kwa kila kitu. Mwaka 2000 William Coplin na wenzake nchini Marekani walifuatilia wagonjwa 136 wenye majeraha ya ubongo. Kati yao 37 walicheleweshewa kuondolewa mrija ingawa walikuwa wametimiza vigezo, na hao ndio waliopata nimonia zaidi na kukaa hospitali muda mrefu zaidi. Somo lilionekana kuwa: usisubiri fahamu zirudi kikamilifu. Mwaka uliofuata utafiti mwingine wa Marekani, wa Andrew Namen na wenzake, ukaonyesha kwamba wenye alama nane au zaidi katika kipimo cha fahamu cha Glasgow walifanikiwa mara nyingi zaidi kuliko walio chini ya hapo. Na mwaka 2022 utafiti mkubwa uliohusisha nchi 18, ulioitwa ENIO, uliripoti kwamba kati ya wagonjwa 1,193 wa ubongo waliojaribiwa kuondolewa mrija, 231 walishindwa. Hao ni karibu mmoja kati ya watano, katika hospitali zenye uwezo.

Takwimu hiyo ya mwisho inastahili kuwekwa mbele ya kila anayepanga afya ya mpakani. Ikiwa mmoja kati ya watano anaweza kuhitaji kurudishiwa mrija mahali penye wataalamu saa 24, basi kuuondoa mahali pasipo na mtu wa kuurudisha ni kamari.

Kipimo kisichohitaji umeme

Kuna habari njema iliyojificha katika tafiti hizo. Mwaka 2017 madaktari wa Ufaransa wakiongozwa na Karim Asehnoune walichapisha kipimo chepesi chenye mambo manne: je, mgonjwa anafuata kitu kwa macho? Anajaribu kumeza? Ana umri chini ya miaka 40? Alama zake za fahamu zinazidi 10? Waliokuwa na mambo matatu au zaidi kati ya hayo, asilimia 90 walifanikiwa kuondolewa mrija.

Katika orodha hiyo hakuna mashine hata moja. Yote yanahitaji muuguzi mwenye muda wa kusimama kando ya kitanda, kidole cha kusogeza mbele ya macho ya mgonjwa, na daftari la kuandika alichokiona. Hivi ni vitu ambavyo Tororo inavyo na Busia inavyo. Wodi inayoandika kila saa kama mgonjwa amemeza, amekohoa, amefuata kwa macho, na makohozi yake yamefyonzwa mara ngapi, inajua mengi kuliko wodi yenye mashine ya bei kubwa isiyo na mtu wa kuitazama.

Hapa ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la uhai. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, kinagusa macho, maneno na viungo. Mrija ukiwa mdomoni, sehemu ya maneno haipimiki. Kinachobaki na uzito ni amri: shika mkono wangu, nyoosha vidole viwili, toa ulimi. Mgonjwa wa Tororo anaweza kuwa Mjopadhola au Mteso. Wa Busia anaweza kuwa Msamia, Mteso au Mluhya wa ukoo mwingine. Akiamriwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili asichokifahamu vizuri, naye yuko katikati ya usingizi na kuzinduka, anaweza kukaa kimya. Kimya hicho kikaandikwa kuwa ni kupoteza fahamu, na mrija ukabaki siku nyingine mbili bila sababu. Au kinyume chake: akitikisa kichwa kwa bahati, ikaandikwa kuwa ameelewa.

Waiteso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo wauguzi wanaozijua lugha hizo wapo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, nacho kimekuwa lugha ya mikutano na hotuba. Kazi yenye maana zaidi kwa lugha za ukanda huu ni karatasi moja ukutani katika chumba cha wagonjwa mahututi: amri tano za kumpima mgonjwa, kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia, Dhopadhola na Luganda, na ndugu wa mgonjwa akaruhusiwa kuingia na kuzitamka kwa sauti anayoijua mgonjwa. Gharama yake ni wino.

Mrija na bili

Kuna jambo ambalo halisemwi hadharani, nalo ni fedha. Siku moja kwenye mashine ya kupumulia ina gharama ambayo familia nyingi za wakulima na wachuuzi wa mpakani haziwezi kuibeba kwa muda mrefu. Kenya ilibadili mfumo wake Oktoba 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Uganda bado haijawa na bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Aliyevuka kutoka Uganda na kupasuliwa Kenya, au aliyevuka kinyume chake, hukutwa katikati ya mifumo miwili isiyozungumza. Kila asubuhi ndugu hukumbushwa deni. Taratibu, swali la "je, yuko tayari?" linabadilika kuwa "je, mmepata fedha?"

Ni lazima itofautishwe wazi. Kuna kuondoa mrija kwa sababu mgonjwa amepata nguvu ya kupumua mwenyewe. Kuna kuondoa mrija kwa sababu ubongo umeharibika kiasi kwamba mashine inarefusha kufa tu, na familia imeelezwa, ikaelewa na kukubali. Yote mawili ni maamuzi halali ya tiba. La tatu, kuondoa mrija kwa sababu fedha zimekwisha au kitanda kinatakiwa na mwingine, halipaswi kuvalishwa nguo za la kwanza wala la pili. Familia ikiambiwa "ameimarika" kumbe kitanda kimehitajika, imenyimwa nafasi ya kutafuta njia nyingine. Ikiambiwa "hakuna tumaini" kumbe ni deni, imedanganywa katika msiba.

Wapo pia ndugu wanaosukuma upande wao. Wengine huona mrija unamtesa mgonjwa wao na kudai utolewe leo. Wengine huamini kwamba mtu akitolewa kwenye mashine anauawa, hivyo hukataa hata pale ambapo kumwacha ndiko kunakomdhuru. Hofu zote mbili hutokana na kutoelezwa. Dakika kumi za maelezo kwa lugha ya nyumbani, kabla ya upasuaji na si baada yake, zingepunguza ugomvi mwingi kwenye milango ya wodi.

Safari ndiyo mtihani

Tatizo la mpakani linaonekana wazi zaidi mgonjwa anapohamishwa. Chukua mfano wa kijana aliyepasuliwa katika mji mmoja, kisha ikaamuliwa arudishwe karibu na nyumbani, ng'ambo ya mpaka. Gari lina mtungi mmoja wa oksijeni. Halina mashine ya kupumulia, ila mfuko wa kubana kwa mkono. Wanaompeleka wana mambo mawili ya kuchagua: waende na mrija na kubana mfuko njia nzima, au wautoe kabla ya kuondoka ili safari iwe nyepesi.

Kubana kwa mkono si aibu. Mwaka 1952, Copenhagen ilipokumbwa na polio, daktari Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa wapumulishwe kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakajipanga kwa zamu kubana mifuko usiku na mchana kwa wiki nyingi. Tiba ya wagonjwa mahututi ya leo ilizaliwa hapo. Lakini wanafunzi wale walikuwa na zamu, walikuwa na msimamizi, na hakuna aliyewasimamisha barabarani kuuliza karatasi.

Kuutoa mrija ili safari iwe nyepesi ndilo kosa la kuogopwa. Gari linalotikisika, mtu mmoja nyuma, giza, hakuna mashine ya kufyonza makohozi, kisha foleni ya malori mpakani: hapo mgonjwa akishindwa kupumua hakuna wa kumsaidia. Anayeufikisha uamuzi huo kwa mgonjwa ni mpaka, ingawa mkono uliovuta mrija ni wa binadamu.

Tatizo jingine ni karatasi. Mgonjwa hufika akiwa amelala fofofo, na barua yake inasema "amepasuliwa, anaendelea na matibabu". Haisemi alipewa dawa gani ya usingizi, kiasi gani, saa ngapi. Dawa nyingine hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu. Timu inayompokea haiwezi kujua kama anaolala ni ubongo au ni dawa. Basi inasubiri, au inakisia. Vilevile barua haisemi kama kumwekea mrija kulikuwa rahisi au kulichukua majaribio manne, habari ambayo ndiyo tofauti kati ya kuutoa kwa utulivu na kuutoa kisha kushindwa kuurudisha.

Kinachoweza kufanyika sasa

Sheria haikosekani. Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini Novemba 30, 1999, inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Soko la Pamoja lilianza Julai 1, 2010. Busia yenyewe ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Februari 2018 na marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta. Anayetoka Kenya hashughulikiwi mara mbili. Anavuka na kuhudumiwa upande wa Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Ikiwa shehena ya saruji inaweza kukaguliwa mara moja, mgonjwa mwenye mrija anaweza pia kuandikwa mara moja na pande zote mbili zikaisoma karatasi hiyohiyo.

Jambo la kwanza basi ni fomu moja ya uhamisho, ya ukurasa mmoja, itakayotumika Busia, Tororo, Mbale, Kisumu na Eldoret. Iseme aina ya upasuaji na mahali pake, saa ya mwisho ya dawa ya usingizi na kiasi chake, ugumu wa kuweka mrija, nguvu ya kikohozi, kumeza, kufuata kwa macho, na lugha ya mgonjwa.

La pili ni kanuni tatu zilizoandikwa na kusainiwa na wakuu wa hospitali hizo. Mrija usiondolewe kwa ajili ya kurahisisha safari. Usiondolewe, pale inapowezekana kupanga, katika saa ambazo hakuna mtu wa kuurudisha. Na aliyeondolewa asihamishwe mara moja. Abaki karibu na mashine kwa muda utakaokubaliwa na wataalamu, kitanda chake kisitolewe kwa mwingine saa hiyohiyo.

La tatu ni simu. Uganda na Kenya zinategemea sana maofisa wa dawa za usingizi wasio madaktari bingwa katika hospitali za wilaya na kaunti. Hao ndio wanaoshika mrija saa nane za usiku. Wapewe namba ya zamu ya mtaalamu wa Mbale au Eldoret ambaye atawasikiliza bila kuwauliza wako nchi gani. Vyuo vya kikanda vya wapasuaji na wataalamu wa usingizi, COSECSA na CANECSA, tayari vinafundisha na kutahini watu wa nchi hizi kwa kipimo kimoja. Mtu anayekubalika kutahiniwa kikanda anapaswa kukubalika kushauri kikanda.

La nne ni kuhesabu. Kila hospitali iandike ni wangapi waliondolewa mrija baada ya upasuaji wa ubongo, wangapi walirudishiwa, wangapi walifariki, na kwa nini. Jumuiya imeteua vituo vya ubora: saratani Uganda, figo Kenya, moyo Tanzania. Ubongo unastahili mpango wa aina hiyo, lakini hata kabla ya jengo, daftari la pamoja lingeonyesha ukubwa wa tatizo.

Wapinzani watasema mambo haya ni ya madaktari na si ya siasa za utangamano. Ni kweli kwamba waziri hapaswi kuamua mrija utoke lini. Lakini ni mawaziri walioacha bima zisivuke mpaka na magari ya wagonjwa yasiwe na njia yao, na wao ndio wanaoweza kurekebisha. Watasema pia kwamba akitokea mtu akafariki baada ya ushauri wa simu kutoka nchi nyingine, nani atashtakiwa? Hilo ni swali la haki, na jibu lake ni makubaliano yaliyoandikwa mapema yanayosema uamuzi ni wa aliye kitandani na mshauri anatoa maoni. Kukosa makubaliano hakumwondolei mtu lawama. Kunamwacha ofisa wa usiku peke yake nayo.

Wengine watahofia kwamba kuwaweka wagonjwa muda mrefu zaidi kutawanyima vitanda walio nje. Hesabu yao ina upungufu. Anayeshindwa baada ya kuharakishwa hurudi kwenye mashine ileile akiwa na hali mbaya zaidi na hukaa siku nyingi zaidi. Na aliyecheleweshwa kwa sababu hakuna aliyeielewa lugha yake anashikilia kitanda asichokihitaji. Kupima vizuri huokoa vitanda kwa pande zote mbili za kosa.

Serikali ya Kaunti ya Busia, wilaya za Busia na Tororo na wizara mbili za afya zina maofisa wanaokutana mara kwa mara kuhusu magonjwa ya mlipuko mpakani. Ebola na UVIKO-19 ziliwafundisha kupigiana simu. Mkutano wao ujao uweke ajenda moja zaidi, na fomu ya ukurasa mmoja iwe mezani kabla ya chai.